Mashujaa wanapotiliana shaka

Katika vitabu vya katuni vya Marekani, ni nadra kikosi cha mashujaa kusambaratishwa na adui wa nje. Mara nyingi husambaratishwa na wanachama wenyewe: kwa kugombea uongozi, kwa usaliti, au kwa siri ambayo mmoja wao ameificha akidhani anawalinda wenzake. Kampuni mbili kubwa za fani hiyo, DC na Marvel, zimekuwa zikisimulia migogoro ya aina hii tangu miaka ya 1960, na chanzo chake kimebadilika hatua kwa hatua.

Vikosi vya mwanzo havikujua fitina. Wanachama wa Justice Society of America, waliojitokeza mwaka 1940 katika jarida la All Star Comics, walikutana mezani, wakagawana kazi, kisha kila mmoja akaenda zake kupambana. Mwaka 1960 DC ilianzisha Justice League of America, yenye akina Superman, Batman na Wonder Woman. Hao nao walisikilizana mno, kiasi kwamba maneno ya mmoja yangeweza kuwekwa kinywani mwa mwingine bila msomaji kugundua.

Marvel ndiyo iliyoingiza ugomvi ndani ya nyumba. Toleo la kwanza la Fantastic Four, lililoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby, lilitoka mwaka 1961. Watu wanne wanapigwa na mionzi angani. Mmoja wao, Ben Grimm, anageuka dubwana lenye ngozi ya mawe, na lawama anamtupia rafiki yake Reed Richards aliyebuni roketi. Katika toleo la 3 kijana Johnny Storm anachoshwa na magomvi na kuondoka. Avengers, walioanzishwa mwaka 1963, hawakufika mbali: katika toleo la 2 kiumbe kutoka anga za mbali alijigeuza sura ya Hulk, mmoja wa wanachama, na wenzake wakaamini upesi kwamba Hulk amewageuka. Ukweli ulipodhihirika, Hulk alijitoa, kwa kuwa alikwishaona walivyomfikiria moyoni. Mwaka 1965 Captain America aliachiwa kikosi kipya cha watu watatu, Hawkeye, Quicksilver na Scarlet Witch, ambao wote walikuwa wamewahi kusimama upande wa wahalifu. Hawkeye alimpinga karibu kila hatua.

Mtindo huo ulidumu kwa sababu uliendana na biashara ya majarida ya kila mwezi. Adui wa mwezi hushindwa na kusahaulika, lakini kinyongo kati ya wanachama wawili huweza kuvutwa kutoka toleo hadi toleo, na msomaji akanunua linalofuata ili ajue kimeishia wapi. Ulitatua pia tatizo la uandishi: shujaa ambaye risasi haimdhuru bado huumizwa na neno la mwenzake.

Miaka ya 1980 mambo yalizidi kuwa mazito. Ndani ya X-Men, kikosi cha Marvel, Storm, ambaye mama yake ni Mkenya, alimshinda Cyclops katika pambano la kuwania uongozi mwaka 1986, ingawa wakati huo alikuwa amepoteza nguvu zake. Kwa upande wa DC, Marv Wolfman na George Pérez waliingiza msichana aitwaye Terra katika kikosi cha New Teen Titans. Mashujaa walimpokea kama ndugu, na wasomaji walitarajia atulie na kuwa mwenzao wa kweli. Katika hadithi ya The Judas Contract ya mwaka 1984 ilifichuka kwamba tangu mwanzo alikuwa jasusi wa Deathstroke, muuaji wa kukodiwa. Terra anakufa bila kujuta. Hata hivyo, usaliti wake ulikuwa na mpaka unaoeleweka: alikuwa adui aliyejipenyeza, na alipoondoka Titans walibaki wakiaminiana.

Mpaka huo ulifutika mwaka 2000, katika hadithi ya Tower of Babel iliyoandikwa na Mark Waid kwenye jarida la JLA. Wanachama wa Justice League wanaangushwa mmoja baada ya mwingine kwa mbinu zilizolenga udhaifu wa kila mmoja: Aquaman anapandikizwa hofu ya maji, na ngozi ya Martian Manhunter inafanywa iwake moto ikiguswa na hewa. Anayewaangusha ni mhalifu Ra's al Ghul, lakini mipango ni ya Batman. Aliiandaa kwa siri, akihofia siku ambayo mwenzake mmoja angetekwa akili au kugeuka mwovu, kisha ikaibwa. Kikosi kinapiga kura kuhusu kumfukuza, na kura inayoamua ni ya Superman; Batman anaondoka. Batman hajuti: kwake, watu wenye nguvu kiasi hicho wanahitaji kuwekewa kinga. Wenzake wanajibu kwamba kosa lake ni kuwaficha.

Mwaka 2004 Brad Meltzer na mchoraji Rags Morales waligeuza upande katika Identity Crisis. Safari hii walioficha ni wenzake Batman: baadhi ya wanachama waliwahi kumtumia Zatanna, mwenye uchawi, kufuta kumbukumbu za mhalifu Doctor Light na kubadili tabia yake. Batman alipojaribu kuwazuia, wakamfutia kumbukumbu yeye pia. Alipokuja kugundua, Batman akaingiwa na shaka, akaunda setilaiti ya kuwachunguza watu wote wenye nguvu zisizo za kawaida, nayo, katika The OMAC Project ya mwaka 2005, ikaangukia mikononi mwa Maxwell Lord na kugeuzwa silaha dhidi yao. Hivyo kinga dhidi ya maafa ikawa ndiyo chanzo cha maafa.

Marvel iliupeleka mjadala huo hadharani. Katika Civil War ya Mark Millar na Steve McNiven, iliyoanza mwaka 2006, operesheni ya mashujaa vijana inaharibika huko Stamford, Connecticut, na mamia ya watu wanakufa, wakiwemo watoto. Serikali inatunga sheria ya kuwasajili mashujaa. Iron Man anaiunga mkono, Captain America anaikataa, na marafiki wanageuka maadui. Hadithi hiyo ilitoka wakati Marekani ikibishana kuhusu usalama na uhuru baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Haimalizwi kwa ushindi: Captain America anajisalimisha anapoona madhara ambayo vita hivyo vimewaletea raia. Filamu ya mwaka 2016 iliyotokana na hadithi hiyo ilibadilisha kiini cha mzozo kuwa mkataba wa kimataifa, unaosukumwa na mlipuko uliotokea Lagos.

Mwaka 2008 Secret Invasion ya Brian Michael Bendis iliikuza shaka hadi ukomo wake. Skrull, viumbe wajigeuzao sura waliokuwepo tangu Fantastic Four toleo la 2, wanabainika kuchukua nafasi za watu ndani ya vikosi. Spider-Woman, aliyekaa na Avengers, alikuwa malkia wao. Kwa kuwa mashujaa walikuwa bado wamegawanyika baada ya Civil War, wavamizi walikuta mlango wazi.

Kwa kawaida mipasuko hii haidumu, kwa kuwa wahusika ni mali ya kampuni na majarida lazima yaendelee kuuzwa. Lakini urejeo wenye uzito huandamana na kitu kilichotolewa. Batman aliporudi Justice League baada ya Tower of Babel aliwafunulia wenzake wote jina lake halisi, ambalo baadhi yao hawakulijua. Kilichovunjwa na siri kikaanza kuungwa kwa kuitoa siri.