Kisawazisha mzigo kimeshuka bei, fundi amepanda

Julai 2000 Nortel, kampuni ya mawasiliano ya Kanada, ilikubali kuinunua Alteon WebSystems ya California kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.8. Miezi miwili kabla yake, Cisco ilikuwa imeafiki kuichukua ArrowPoint kwa dola bilioni 5.7. Alteon na ArrowPoint ziliuza kitu kimoja: swichi inayokaa mbele ya kundi la seva na kuwagawa wageni wa tovuti, ili seva moja isizidiwe huku ya jirani imekaa bure. Mwaka 2009, Nortel ikiwa imeshafilisika, biashara ya Alteon iliangukia mikononi mwa Radware ya Israeli kwa dola milioni 18 hivi.

Hisa za kampuni za intaneti ziliporomoka, na Nortel ilikuwa na balaa zake yenyewe; hayo yanaeleza sehemu kubwa ya anguko. Ila ipo sababu nyingine, na hiyo haijaacha kuwasumbua wauzaji hadi leo. Kazi waliyoitoza bei ya dhahabu imehama kidogo kidogo kwenda kwenye vitu ambavyo mteja tayari anavyo, au anavipata bure: swichi ya kawaida na programu huria. HAProxy ya Mfaransa Willy Tarreau ilitoka 2001, nginx ya Mrusi Igor Sysoev ikafuata 2004. F5 ya Seattle, iliyojenga jina kwa maboksi ya BIG-IP, ilisoma alama za nyakati, na mwaka 2019 ikatoa dola milioni 670 kuinunua kampuni ya NGINX. Google haikuhangaika na duka kabisa. Tangu 2008 imetumia Maglev, mfumo wake yenyewe unaokimbia kwenye seva za kawaida za Linux, na Facebook ikauweka hadharani mfumo wake wa aina hiyo, Katran, 2018.

Maglev na Katran zinaegemea swichi au ruta kwa mgawo wa kwanza, na hapo ndipo pesa ya leo ilipojificha.

Chipu ya swichi haichagui seva kwa busara. Inasoma mambo matano kwenye kila pakiti: anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, itifaki, na namba za poti za pande zote mbili. Inayapiga hesabu, na jibu linaamua njia. Mazungumzo yaleyale hupata jibu lilelile kila mara, kwa hiyo pakiti zake hufika kwa mpangilio. Zikipishana njiani, itifaki ya TCP hudhani nyingine zimepotea na kupunguza mwendo. Mbinu hii ya njia nyingi zenye gharama sawa, ECMP kwa jina la kazini, imo kwenye karibu kila swichi ya kituo cha data, ingawa wapo wanaoifungia nyuma ya leseni ya ziada.

Ubovu unaonekana seva ikifa. Kama hesabu ni ya kugawanya kwa nne na sasa mnagawanya kwa tatu, mazungumzo matatu kati ya manne hubadilishiwa seva, hata yale ambayo seva yake ilikuwa nzima. Mteja aliyekuwa katikati ya malipo anarudishwa mwanzo. Watengenezaji wa chipu wameweka dawa: jedwali lenye nafasi nyingi, ambamo nafasi za seva iliyokufa tu ndizo zinazogawiwa upya. Dawa ipo, lakini kwenye swichi nyingi haijiwashi yenyewe. Ni mstari mmoja au miwili ya usanidi, na asiyejua kwamba upo hatautafuta.

Tena swichi ni mpiga debe wa stendi: anajaza abiria kwenye gari bila kujua kama injini inawaka. Taa ya poti ikiwa ya kijani, seva inaletewa wateja, hata kama programu ya malipo ndani yake ilizimika saa nzima iliyopita. Suluhisho linalopendwa sasa ni kuiacha kila seva itangaze anwani ya huduma kwa BGP, itifaki ambayo ruta huitumia kuambiana njia. Programu ndogo inaijaribu huduma kila baada ya sekunde chache. Huduma ikinyamaza, tangazo linaondolewa na swichi inaacha kupeleka mtu huko. Vituo vikubwa vinaitumia BGP ndani kwa ndani kiasi kwamba mwaka 2016 mbinu hiyo iliandikiwa waraka wa IETF, chombo cha viwango vya intaneti: RFC 7938.

Huko nyuma kulikuwa na njia za mkato, na baadhi bado ziko hai. Windows Server ina huduma inayogawa mzigo bila boksi wala BGP. Katika mojawapo ya namna zake, seva zote hubeba anwani moja ya MAC, ile ya kadi ya mtandao, na kuificha zinapotuma, ili swichi isijifunze iko poti gani. Swichi isiyojua mahali pa kupeleka hupeleka kila mahali, na kila poti ya mtandao huo hupokea mafuriko ya pakiti zisizoihusu. Mifumo mingine ya zamani ya benki imeishi hivyo miaka mingi, fundi akilalamikia mtandao mzito na meneja akiongeza ukubwa wa laini. Binafsi naiona kama mfano bora wa kitu cha bure chenye bei.

Kosa dogo zaidi hutokea kwenye kebo mbili tu. Unaunganisha seva na swichi kwa kebo mbili za gigabiti 10, unazifunga pamoja ziwe laini moja kwa itifaki ya LACP, unatarajia 20. Ukitazama vipimo, moja imejaa na nyingine imelala. Swichi imeachwa igawe kwa anwani za MAC, na kwa kuwa wateja wote wanapitia ruta moja, MAC ni ileile siku zote. Ukibadilisha mgawo utazame IP na poti, kebo ya pili inaamka. Hakuna kilichonunuliwa.

Afrika Mashariki jambo hili lilikuwa la wengine pale seva zilipokaa ng'ambo. Za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani hadi 2015. Leo Mombasa na Nairobi zina vituo vya kukodisha, Dar es Salaam ina kituo cha taifa cha data, na nje ya Kampala kuna kituo cha Raxio. Seva zimerudi nyumbani, na usanidi wake umekuwa kazi yetu. Mlango wa kuingilia fani hii kwa vijana wengi ni cheti cha CCNA cha Cisco, ambacho mtihani wake tangu Februari 2020 unapima LACP na itifaki ya njia ya OSPF lakini unaiachia BGP ngazi za juu. Kwa hiyo anayeweza kuketi na kundi la seva na BGP bila kutetemeka anajitajia mshahara, na kampuni za nje humchukua akiwa kwenye kiti chake hapohapo nyumbani.

Mnunuzi naye anaendelea kuandika zabuni ya mwaka 2000. Anaomba maboksi mawili ya kusawazisha mzigo, yote yakichomekwa kwenye swichi moja, halafu "usanidi na mafunzo" mstari mmoja chini kabisa. Ningeugeuza ukurasa huo. Ningeandika kwamba saa nne asubuhi ya siku ya mishahara, mbele ya mkaguzi, seva moja itachomolewa huku malipo yakiendelea. Yahesabiwe yaliyokatika, kisha seva irudishwe na yahesabiwe tena. Sehemu ya mwisho ya malipo ya mzabuni isubiri namba hizo mbili.