Shati Nalo Huvalishwa

Ndugu msomaji, siku ununuapo shati jipya dukani, jambo la kwanza ufanyalo ni nini? Bila shaka wachana kifuko cha nailoni kilicholifunika, wakitupa, kisha walijaribu shati. Kile kifuko hukikumbuki tena. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipokwenda Dar es Salaam kutafuta vitambaa vya darasa la ushonaji la akina mama wa parokia yetu. Huko nilipata nafasi ya kuingia katika kiwanda kimoja cha nguo. Jina lake sitalitaja, maana sikuomba ruhusa. Lakini niliyoyaona yafaa nawe uyajue.

Ukiingia tu, masikio hujaa kelele za vyerehani. Vimepangwa safu ndefu, na kila mtu ana kazi yake moja: huyu hushona kola, yule mikono, yule mwingine vifungo. Shati hupita mkono kwa mkono hata likamilike. Kisha hupigwa pasi ya mvuke na kukunjwa, na hapo ndipo nalo huvalishwa: kila shati na kifuko chake. Vifuko hupangwa katika katoni, katoni katika kontena, na kontena hupakiwa melini kwenda ng'ambo.

Nilimwuliza msimamizi, "Bwana, kwa nini kila shati lipewe kifuko chake? Je, katoni haitoshi?"

Akacheka. "Mwalimu, safari ya meli ni ya majuma mengi. Mchana kontena huwaka moto, usiku hupoa. Unyevu uliomo hugeuka matone juu ya dari, ukaudondokea mzigo. Shati likishapata madoa ya ukungu, mnunuzi halitaki."

Basi, msomaji, usidhani nailoni iliwekwa kwa ujinga. Plastiki ya aina hii, iitwayo polithini, iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Ni nyepesi, ni rahisi, haipitishi maji, tena yaonyesha rangi ya nguo bila kufunguliwa. Lakini uzuri wake ndio ubaya wake: haiozi. Humtumikia mwenye nguo kwa majuma machache, kisha hubaki ardhini miaka na miaka. Sisi wa vijijini twayajua hayo. Nani hajasikia habari za mbuzi aliyechinjwa akakutwa na donge la mifuko tumboni?

Kwa sababu hiyo serikali zilichukua hatua. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Ndiyo maana leo twaenda sokoni na vikapu. Lakini sheria yetu ya 2019 iliviacha vifungashio vya bidhaa za viwandani. Kwa hiyo kiwanda kile hakikulazimishwa na sheria. Wanunuzi wao wa ng'ambo ndio wanaotaka plastiki ipunguzwe. Wakaanza kujaribu.

Nilionyeshwa njia tatu. Ya kwanza ni kulikunja shati mara moja zaidi, ili lienee katika kifuko kidogo. Ya pili ni kuacha vifuko vya mojamoja na kutandika mfuko mmoja mkubwa ndani ya katoni nzima. Ya tatu ni kifuko cha karatasi.

Hiyo ya karatasi ndiyo niliyoipenda mara moja. Kumbe nilifanya haraka! Karatasi hunywa unyevu, huchanika pembeni, na huficha rangi, hata mpakiaji alazimika kufungua ili ahakikishe. Tena karatasi hutoka kwenye miti, na kuipika hutaka maji na moto mwingi. Ukikata msitu ili uokoe nailoni, umeruka majivu ukakanyaga moto.

Mama mmoja wa meza ya kupakia, mtu mzima mwenye miwani, aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Mwanangu, haya majaribio ni mazuri. Lakini mzigo ukirudishwa, hasara haiishii kwa tajiri. Kazi ikipungua, sisi ndio tunaambiwa tukae nyumbani."

Neno lake lina ukweli. Mwaka 2014 kampuni ya nguo ya Patagonia, ya Marekani, ilieleza majaribio yake ya kupitisha nguo ghalani bila vifuko. Karibu 30 katika kila 100 ziliharibika hata zisiuzike. Fikiri, wewe mkulima wa pamba wa Shinyanga au Simiyu: shati moja likitupwa, umetupwa palizi wako, jua lililokuchoma, na jasho la mshonaji. Hasara hiyo hupita ya kifuko kimoja.

Je, basi tuache mambo yalivyo? Hapana. Njia ya kukunja zaidi haikumdhuru mtu, na plastiki hupungua papo hapo. Mfuko mmoja wa katoni wafaa kwa nguo nzito na safari fupi. Karatasi bado wanaipima: wameziacha katoni kadhaa katika chumba chenye joto na unyevu waone zitakavyokuwa. Nilipoondoka jibu lilikuwa halijapatikana, na msimamizi hakuona haya kusema hivyo. Nilimheshimu kwa hilo.

Nasi tufanyeje? Ukipata nguo yenye kifuko, usikichane, kifungue taratibu. Mimi karani natunza ndani yake vyeti vya watu, visilowe wakati wa masika. Wewe waweza kuhifadhi vyeti vya watoto au kadi ya kliniki. Usikichome jikoni, maana moshi wake ni sumu kwa mama na mtoto aliye mgongoni. Wala usikitupe njiani penye malisho.

Mwenye kiwanda amelala akiwaza kifuko kimoja. Nasi tusione aibu kukiwaza kile kilichomo nyumbani mwetu.