Je, Wajua? Kinyago Huzama, na Picha Huviringishwa Rangi Nje

Je, wajua kwamba picha za mwanzo za Tingatinga hazikuchorwa kwenye kitambaa? Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Vilikuwa vipande vya mraba, kama sentimita 60 kila upande. Picha zilikuwa zikiuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, walikokwenda wageni kununua mahitaji yao, na wachoraji wa ushirika wenye jina lake bado wako palepale. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Ukikuta kibandani picha yenye saini yake kwa bei ya chakula cha mchana, elewa kwamba si mkono wake. Afadhali picha ya kijana aliyeketi mbele yako na kopo lake la rangi, yenye jina lake mwenyewe.

Baadaye kitambaa kilichukua nafasi ya ubao, maana ubao hauingii kwenye begi la msafiri. Lakini rangi ilibaki ileile ya mafuta, inayong'aa kama mlango uliopakwa jana. Na hapa ndipo wengi tunapoharibu.

Rangi hiyo hukauka juu kwanza. Ukiigusa kwa kidole haikuachii alama, ukadhani iko tayari, kumbe ndani bado ni laini na itaendelea kuwa hivyo kwa siku nyingi. Mimi niliwahi kununua picha ya tembo wawili chini ya mbuyu, nikaizungushia gazeti, nikaiviringisha rangi ikiwa ndani ili isichubuke, nikaifunga kamba. Safari ilikuwa ya siku mbili, kwa basi lenye joto. Nilipoikunjua, gazeti lilikuwa limeng'ang'ania mgongo wa tembo mkubwa. Nililibandua polepole, kipande kwa kipande, lakini herufi zilibaki. Mpaka leo, ukisogea karibu, unasoma nusu ya tangazo la mnada kwenye sikio la tembo.

Tangu hapo namuuliza mchoraji swali moja kabla ya bei: umeimaliza lini? Akisema wiki hii, naomba ile iliyoning'inia ukutani muda mrefu, hata kama ina vumbi. Vumbi hufutika.

Je, wajua kwamba picha huviringishwa rangi ikiwa nje, wala si ndani? Inashangaza, kwa kuwa mkono hutaka kuuficha uso wa picha. Ila rangi ikiwa ndani hubanwa, ikajikunja na kubanduka. Ikiwa nje hunyooka kidogo, na hata ikipata nyufa ndogo, hujifunga picha inapotandazwa tena. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, ukate kipande cha bomba la plastiki la inchi 4 au zaidi. Bomba jembamba huikunja picha kupita kiasi. Juu ya rangi weka karatasi ya kuokea, ile isiyoshika keki, kisha viringisha picha kulizunguka bomba, si ndani yake. Funga nailoni juu. Ukifika nyumbani, itandaze siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba mpingo huzama majini? Kipande chake cha ujazo wa lita moja huwa na uzito wa zaidi ya kilo 1. Ndiyo sababu kinyago cha Kimakonde cha mpingo hukushtua unapokinyanyua, na ndiyo sababu mti wa kawaida uliosuguliwa kiwi cha viatu hujisaliti mkononi. Kigeuze utazame kitako, mahali ambapo msuguaji hakujali. Mpingo wa kweli una kiini cheusi hadi ndani, na pembeni una mbao ya rangi ya maziwa ambayo wachongaji wengine huiacha makusudi.

Mpingo uliozoea unyevu wa pwani ukipelekwa ghafla kwenye nyumba ya Ulaya yenye joto la mashine wakati wa baridi, hupasuka, wakati mwingine kwa mlio unaosikika chumba cha pili. Kiweke kinyago mbali na mashine hiyo na mbali na jua la dirishani.

Tangu Januari 2017 mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliziondolea sharti la kibali cha mkataba huo bidhaa zilizokamilika, kinyago kikiwemo, mradi mbao hiyo isizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Gogo halimo katika msamaha huo. Pembe za ndovu na magamba ya kasa usiguse kabisa.

Je, wajua kwamba kreti inaweza kuzuiwa bandarini wakati sanaa iliyomo haina kosa lolote? Mbao za kufungashia hutakiwa ziwe zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, ili kuua wadudu, kisha zipigwe muhuri wenye alama ya suke la ngano. Plaiwudi haidaiwi muhuri huo.

Forodha nayo ina historia yake. Mwaka 1926 sanamu ya shaba ya Constantin Brancusi, iliyoitwa ndege, iliwasili New York, na maofisa wakaiweka kwenye kundi la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, ushuru asilimia 40. Kesi iliyofuata iliisha mwaka 1928 kwa mahakama kukubali kwamba ile ni sanaa. Hivyo dai risiti yenye jina la msanii, mwaka na bei, na upige picha ukiwa naye.

Kipo kitu kimoja kisichobebwa hata kikifungwa vizuri namna gani. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama, pwani ya Kenya, akiwa kando ya vigango viwili, yaani nguzo za mbao za kumbukumbu, alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikiona kimojawapo kwenye slaidi za mkutano wa wasomi: kilikuwa katika jumba la makumbusho la Illinois. Cha pili kilipatikana katika Chuo Kikuu cha Hampton. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya, na mwaka 2019 vikafuata 30 kutoka makumbusho ya Denver. Vingi vya namna hiyo viliondoka kwa kununuliwa na wageni waliolipa fedha halali dukani.

Ukionyeshwa kigango, kiache. Kina wenyewe.