Kabla Hujafunga Zenoni, Angalia Kwanza Taa Uliyonayo

Kutoka Kimara hadi Kibaha, Barabara ya Morogoro imetanuliwa kwa kilomita 19 na ushee. Njia ni nyingi, na anayekuja yuko upande wake, mbali kidogo na wewe. Lakini ukishaiacha Maili Moja ukaelekea Visiga, Mlandizi na Chalinze, sehemu kubwa ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na malori ya Zambia na Kongo yanakujia usoni. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani nayo yameruhusiwa tena kutembea usiku. Kwa hiyo giza la huku siku hizi lina msongamano.

Ndiyo maana kila mwenye gari dogo anataka taa kali. Hata hapa chuoni wapo: kuna anayeendesha gari la bosi kwa hesabu ya wiki ili apate ada, kuna aliyeachiwa Passo ya nyumbani, kuna ambaye mjomba wake amemwambia, "Wewe si msomi, niulizie hizi zenoni kama zinafaa." Fundi wa kijiweni jibu analo tayari: "Weka zenoni dogo, usiku utakuwa mchana." Atafunga kwa nusu saa na kweli ukiwasha utashangaa. Mimi jibu langu ni hapana, kama taa za gari lako zilitengenezwa kwa balbu ya kawaida ya halojeni. Sababu haihusiani na ubora wa zenoni. Zenoni yenyewe ni teknolojia nzuri, BMW waliiweka kwenye magari yao tangu 1991. Shida iko kwenye ile nyumba unayoihamishia.

Balbu ya halojeni ina waya mwembamba wa tangsteni unaowaka kwa joto. Ile aina ya H4, ambayo ipo kwenye magari mengi madogo tunayoagiza Japani, ina nyaya mbili: wa dimu wa wati 55 na wa fulu wa wati 60. Chini ya waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Watu wengi hawajawahi kukiona, lakini ndicho kinachozuia mwanga usigonge sehemu ya chini ya kioo cha nyuma na kurushwa juu, kwenye macho ya watu. Kioo chote kimepindwa kwa hesabu ya waya wa urefu wa milimita chache uliokaa mahali pamoja, na si pengine.

Zenoni haina waya. Ndani yake kuna gesi, chumvi za metali na ncha mbili, na mwanga unatokea pale cheche inaporuka kutoka ncha moja hadi nyingine. Kuiwasha kunahitaji zaidi ya volti 20,000, ndiyo kazi ya kile kiboksi kinachofungwa pembeni, balasti. Ikishawaka inaendelea kwa volti kama 85 na wati 35 tu. Hapo fundi yuko sahihi akisema inakula umeme kidogo na inadumu kuliko halojeni. Zenoni ya kiwandani inatoa lumeni kama 3,200. Dimu ya H4 inatoa kama 1,000.

Mara tatu! Sasa tatizo liko wapi?

Liko kwenye umbo. Waya wa halojeni ni mstari ulionyooka unaong'aa karibu sawa mwanzo hadi mwisho. Cheche ya zenoni imejikunja kama upinde na inang'aa zaidi kwenye ncha zake. Ukiichomeka kwenye kioo kilichopigiwa hesabu ya waya, kioo hakijui kama umebadilisha. Kinaendelea kurusha mwanga kwa hesabu za zamani, na mwanga unakwenda kusiko. Kama unajiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha na utapewa mada ya vioo vilivyopinda, hili ni jaribio la bure: zima taa bwenini, chukua upawa wa stili unaong'aa, uelekeze upande wake wa ndani ukutani, kisha shika tochi ndogo mbele ya huo upawa na uisogeze kidogo kidogo. Utaona doa la mwanga linavyoruka na kuvurugika ukutani. Kwenye taa ya gari, milimita moja inatosha kuleta vurugu kama hiyo mita 50 mbele.

Basi mbona dereva anaapa kwamba anaona vizuri zaidi? Kwa sababu mwanga mwingi uliopotea njia unaanguka karibu na bampa. Lami ya mbele ya gari inang'aa, unajisikia salama. Lakini jicho nalo linajirekebisha kwa kile kilicho king'avu zaidi mbele yake, na lami ikiwaka hivyo karibu yako, kule mbali unaona vibaya zaidi kuliko mwanzo. Na kule mbali ndiko kwenye maisha ya watu. Tupige hesabu. Taa iliyo sentimita 65 kutoka chini, ikielekezwa chini kwa asilimia moja kama inavyotakiwa, mstari wake wa juu unagusa lami mita 65 mbele. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukitumia sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, umeshakula mita 33, na breki nzuri kwenye lami kavu zinataka nyingine kama 35. Jumla 68. Yaani hata kwa taa iliyowekwa sawasawa, ukiwa kwenye dimu kwa spidi hiyo unagombania mita za mwisho. Kwa kilomita 50 unahitaji kama 35 tu. Mguu wako kwenye mafuta unabadilisha mambo kuliko balbu yoyote ya dukani.

Halafu kuna yule anayekuja. Huyu ndiye huwa hayumo kwenye mazungumzo ya kijiweni, kwa sababu yeye hakuchangia pesa ya zenoni. Mwanga ukimpiga machoni, hata ukishapita, macho yake yanahitaji muda kurudi. Tuseme ni sekunde tatu tu: dereva wa kilomita 80 kwa saa ameendesha mita 66 bila kuona. Kwa mtu mzima wa miaka 60 muda huo ni mrefu zaidi. Fikiria mwendesha bodaboda ambaye kioo cha helmeti yake kina mikwaruzo, kila mkwaruzo unatawanya huo mwanga. Fikiria mama anayetembea pembeni kutoka sokoni, ambaye dereva aliyepofushwa hatamwona. Na kama huruma haikusumbui, fikiria hivi: uliyempofusha anakuja upande wako, na nyuma yake amevuta tani 30 za shaba. Hospitali ya Tumbi ipo hapo hapo Kibaha na imezoea kupokea majeruhi wa barabara hii. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Kuna watakaosema, mbona Crown na baadhi ya Harrier zinakuja na zenoni kutoka Japani na hakuna anayelalamika? Kwa sababu zile zilizaliwa nayo. Taa yake ilichorwa kwa ajili ya ile cheche, nyingi zina lenzi ya duara mbele na kizuizi ndani kinachokata mwanga kwa mstari ulionyooka. Kanuni za Umoja wa Mataifa, namba 48, zinataka taa ya dimu yenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 iwe na mfumo wa kujishusha yenyewe gari likipakia nyuma, na kifaa cha kuoshea taa, maana vumbi na matope hutawanya mwanga. Seti ya dukani haina hata kimoja. Uingereza, gari lenye taa za halojeni lililofungwa zenoni linafelishwa kwenye ukaguzi. Sisi tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, lakini trafiki anayekusimamisha saa sita mchana, taa zimezimwa, ataona nini?

Ukitaka zenoni kwa dhati, tafuta taa nzima, si balbu. Yaani taa ya gari la aina yako lililotoka kiwandani na zenoni, pamoja na balasti yake. Geuza taa usome maandishi kwenye plastiki: ikiandikwa D2R, D2S, D4R au D4S ni ya zenoni, ikiandikwa H4 ni ya halojeni hata muuzaji akuambie nini. Na hakikisha imetoka nchi inayoendesha kushoto kama sisi. Taa za nchi za kulia zimetengenezwa kunyanyua mwanga upande wa kulia ili dereva aone kando ya barabara, na hapa kwetu kulia ndiko anakotokea mwenzako. Balbu za LED ambazo siku hizi zimejaa madukani nazo zinaingia kwenye hesabu hii hii. Chanzo kimebadilika umbo, kioo ni kile kile. Na zile za bluu za kelvini 8,000 ni urembo tu, kadiri rangi inavyokwenda kwenye bluu ndivyo mwanga wa kuonea unavyopungua. Zenoni nyingi za kiwandani ni za kelvini 4,300, nyeupe yenye umanjano kidogo.

Sasa, mtu hanunui zenoni kwa kupenda tu, ananunua kwa sababu taa zake hazioni. Mara nyingi taa za gari la miaka 15 zimeibiwa mwanga na vitu viwili ambavyo fundi hakuangalia. Cha kwanza ni kava la plastiki lililogeuka njano kwa jua. Lisuguliwe kwa msasa wa maji, namba 800 kisha 1,500 kisha 2,000, lipigwe polishi, halafu lipakwe rangi angavu inayozuia jua, la sivyo baada ya miezi michache unarudi pale pale. Dawa ya meno inasaidia kwa harusi ya Jumamosi. Cha pili ni umeme. Mwambie fundi awashe injini na taa, apime volti kwenye betri, kisha apime kwenye soketi ya balbu. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Dawa yake ni rilei na nyaya nene kidogo kutoka kwenye betri. Kisha nunua balbu mpya, wati zile zile. Zile za wati 100 zinayeyusha soketi.

Mwisho elekeza taa. Tafuta sehemu tambarare na ukuta, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, chora mstari wa chaki ukutani sentimita 10 chini ya urefu huo. Mstari wa juu wa dimu ukae hapo. Kisha ingiza washikaji watatu kiti cha nyuma uone unavyopanda. Kwenye magari mengi ya Kijapani kuna kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0, watu wanakaa nacho miaka bila kukigusa. Kazi yake ni hiyo: kushusha taa ukipakia.