Hiari ya Vijana wa Belfast

Chama cha Young Citizen Volunteers kilizinduliwa Belfast mwezi Septemba 1912, na kanuni zake zilimeta kama vifungo vya sare mpya. Kisiwe cha dhehebu lolote, kisifungamane na siasa, wala mwanachama asishiriki mkutano wa kisiasa kwa jina la chama. Kilitafuta vijana wa miaka 18 hadi 35, wenye tabia njema na kimo kisichopungua futi tano, wafundishwe gwaride na nidhamu, wawe tayari kuisaidia dola panapozuka ghasia. Waliojiunga wengi walikuwa makarani na wanagenzi wa nyumba za biashara, watu wa kumudu ada. Mtoto wa kuli aliweza kuwa na tabia njema kadiri alivyopenda. Ada ndiyo iliyomzidi kimo.

Kabla mwezi huo haujaisha, tarehe 28, Waprotestanti wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland lenye Belfast, walipanga foleni kutia saini Agano la kupinga serikali ya ndani ambayo bunge la London lilikuwa linaiandalia Ireland. Waliogopa kutawaliwa kutoka Dublin na Wakatoliki, walio wengi kisiwani. Saini za wanaume na wanawake zilizidi 450,000. Mwaka uliofuata wakaunda jeshi lao, Ulster Volunteer Force. Katika jiji la namna hiyo, kutokuwa na upande ni kazi ngumu kuliko gwaride.

Vijana wetu waliiomba serikali fedha, ikawanyima. Mwaka 1914 wakaingia ndani ya jeshi la Ulster, na ile ibara ya kutoshiriki siasa ikabaki kwenye karatasi. Kwa maoni yangu hapo ndipo historia yao ya vita inapoanza, si Ufaransa. Kikosi cha kujitolea hakidumu na nia ya waliokianzisha. Mwenye kutoa sare na bunduki ndiye anayekipa nia, na vijana, ambao wamekwisha kula kiapo na kupiga picha ya pamoja, huona aibu kurudi nyumbani.

Bunduki zilifika Aprili 1914, takriban 25,000, zikashushwa usiku katika bandari ya Larne na nyingine za jirani. Zilikuwa zimenunuliwa Hamburg. Kabla miezi minne haijapita Uingereza ilikuwa vitani na Ujerumani, na serikali ileile ambayo vijana hawa walikuwa tayari kuikaidi kwa silaha za Mjerumani ikawageuza kuwa Batalioni ya 14 ya Royal Irish Rifles, katika Divisheni ya 36 ya Ulster. Sheria ya serikali ya ndani ilitiwa saini Septemba mwaka huohuo na kusimamishwa papo hapo mpaka vita viishe. Kila upande Ireland ukapeleka vijana wake mbele, ukitumaini kwamba damu yao itahesabiwa siku ya malipo. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hawakusema hiari yenyewe inadumu kwa muda gani.

Walifunzwa Donegal, kisha kusini mwa Uingereza, wakavuka kwenda Ufaransa Oktoba 1915. Katika brigedi yao ya 109, batalioni nyingine tatu zilikuwa za Inniskilling Fusiliers, wanaume wa mashambani wa Tyrone, Derry, Donegal na Fermanagh. Makarani wa Belfast walipangwa nao.

Alfajiri ya tarehe 1 Julai 1916 walikuwa wamebanana katika mahandaki ya msitu wa Thiepval, karibu na mto Ancre. Billy McFadzean, mwanagenzi wa kampuni ya kitani mwenye umri wa miaka 20, alikuwa anafungua sanduku la mabomu ya kutupa kwa mkono. Sanduku likaponyoka, mabomu yakamwagika ndani ya handaki, na pini za mawili zikachomoka. Aliyajua mabomu hayo, ndiyo ilikuwa kazi yake. Akajitupa juu yake. Alikufa papo hapo, na wenzake karibu wote wakasalimika. Shambulizi lilikuwa bado halijaanza.

Lilipoanza saa moja unusu asubuhi, Inniskilling wa mstari wa mbele walikuwa wamekwisha kutambaa hadi karibu na seng'enge za Wajerumani, wakavuka kwa haraka. Batalioni ya 14 ilifuata nyuma yao, na hapo bunduki za rashasha za kijiji cha Thiepval zilikuwa zimezinduka. Hata hivyo divisheni iliingia ngome ya Schwaben, mbali kuliko majirani zake. Ushindi huo ndio uliowaponza. Kulia na kushoto divisheni nyingine zilikwama, kwa hiyo waliosonga mbele wakajikuta wanapigwa kutoka pande tatu, bila risasi za kutosha wala watu wa kuwapokea. Usiku walirudi nyuma. Divisheni ilipoteza takriban watu 5,500, wakiwamo karibu 2,000 waliokufa. Kati ya nishani tisa za Victoria Cross za siku hiyo, nne zilikwenda kwao. Ya McFadzean alikabidhiwa baba yake na Mfalme George V katika jumba la Buckingham, Februari 1917. Kwa safari hiyo ya London dola ilimpa mzee tiketi ya kwenda na kurudi, daraja la tatu.

Baada ya hapo batalioni iliendelea kwa jina. Uandikishaji wa lazima ulioanza Uingereza mwaka 1916 haukupelekwa Ireland, na mapengo ya waliojitolea yakazidi kuzibwa kwa watu wa kutoka kwingine. Juni 1917 huko Messines Divisheni ya Ulster ilipigana bega kwa bega na ya 16, ya Wairishi wengi wao Wakatoliki, wale waliotarajiwa kuuana nao mwaka 1914. Agosti walisagwa kwenye matope ya Langemarck. Novemba walikuwa Cambrai. Februari 1918 jeshi, kwa upungufu wa watu, lilipunguza idadi ya batalioni katika kila brigedi, na ya 14 ikafutwa. Adui hakuhusika, ilitosha amri ya ofisini.

Mwaka 1921 Ireland ya Kaskazini ilipata bunge lake mjini Belfast. Walioapa kuikataa serikali ya ndani ndio walioishia kuitumia. Miaka ya 1970 jina la Young Citizen Volunteers likachukuliwa na tawi la vijana la kundi la siri lenye silaha, lililojiita nalo Ulster Volunteer Force, na McFadzean akachorwa kwenye kuta za mitaa. Picha hizo zinasema mengi kuhusu waliozichora. Anayetaka kuwajua makarani wa 1916 asome majina kwenye mnara wa Thiepval, unaowakumbuka watu zaidi ya 72,000 wasiojulikana walipozikwa. McFadzean ni mmoja wao.