Baridi ya injini haipimwi kwa jua la Musoma

Wavuvi wa dagaa wa Rukuba, kisiwa cha Kata ya Etaro katika Wilaya ya Musoma, hutoka mwaloni jua likizama, katika zile siku za giza ambazo mwezi haujatoka. Wakifika kwenye maji ya kuvulia, mashine ya boti huzimwa, taa huwashwa, na kazi ya kungoja dagaa waufuate mwanga huanza. Saa zinapita. Mashine iliyofika pale ikiwa ya moto inapoa taratibu mpaka kulingana na ziwa lenyewe, ambalo huwa karibu na nyuzijoto 25. Alfajiri, dagaa wakiwa wamejaa botini na upepo umeanza kuamka, kamba inavutwa, inavutwa tena, na mashine haijibu.

Ukiuliza sababu utaambiwa plagi, au petroli chafu, au mashine imechoka. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa liko kwenye kitufe kidogo cha mbele ambacho fundi alikifunga kwa waya kisitumike tena, au ambacho kilikatika na hakuna aliyeona haja ya kukirudisha. Kitufe hicho ni cha choki. "Nchi ya joto hii, choki ya nini?" Hoja hiyo nimeisikia kwa wavuvi, kwa madereva, hata kwa mafundi ninaowaheshimu, na naipinga kwa nguvu zangu zote.

Petroli ikiwa majimaji haiungui ndani ya silinda. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na kipimo chake kinajulikana: gramu 1 ya petroli kwa gramu 14.7 hivi za hewa. Injini ikiwa ya moto, kabureta hufikisha kipimo hicho bila shida. Ikiwa imepoa, sehemu kubwa ya petroli hugoma kugeuka mvuke. Hubaki matone, hujipaka kwenye kuta za bomba la kuingizia hewa, na mvuke unaofika kwenye cheche unakuwa haba. Choki ni kibati tu kinachoziba mlango wa hewa wa kabureta. Ukikifunga, pistoni inavuta kwa nguvu mahali penye hewa kidogo, petroli nyingi zaidi inanyonywa kutoka kwenye jeti, na hata kama nusu yake itabaki matone, ile inayogeuka mvuke inatosha kuwaka.

Kwa hiyo baridi inayozungumzwa hapa haihusiani na sweta. Injini ya gari, kwa mfano, hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzijoto 80 hadi 90 na kitu. Kwake yeye, asubuhi ya Musoma yenye nyuzijoto 18 na asubuhi ya London yenye nyuzijoto 5 zote ni baridi. Tofauti ni ya muda tu: huku choki inahitajika kwa sekunde chache, kule kwa dakika kadhaa.

Na hapo ndipo hoja ya wanaoifunga inapopata nguvu kidogo, nami siwezi kuinyima haki yake. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani tayari inamwaga petroli kupita kiasi ikifika Musoma. Ukiongeza choki, kisha ukaisahau, plagi zinalowa mara moja na mashine inakufa palepale. Mvuvi aliyewahi kukutwa na hilo katikati ya maji anaichukia choki. Dawa yake ni kujifunza kuirudisha. Mashine ikishika, choki irudi nusu. Ikituliza mlio, irudi yote. Na kama imeshalowa, rudisha choki yote, fungua mafuta mpaka mwisho, uvute kamba mara kadhaa ili hewa ikaushe silinda. Ikikataa bado, toa plagi, ifute, irudishe.

Kwenye magari, habari ni ndefu zaidi. Land Rover za zamani zilizopita barabara za Bunda na Butiama zilikuwa na kitufe cha choki mbele ya dereva, na kila dereva alikijua kama anavyojua breki. Kisha zikaja choki zinazojiendesha. Volkswagen Beetle ilipata ya kwake kwenye modeli ya mwaka 1961. Ndani ya kifuniko cha duara ubavuni mwa kabureta kuna springi iliyosokotwa, ya madini mawili yaliyoungwa pamoja. Madini hayo hayatanuki sawa, kwa hiyo springi ikipashwa joto na waya wa umeme hujikunjua na kukifungua kibati bila mtu kugusa kitu. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na sikumbuki kuona kifaa kingine cha gari kilichodharauliwa kama hicho.

Corolla, Hiace na Datsun kuukuu zilizomiminika nchini baada ya milango ya biashara kufunguliwa miaka ya 1980 nyingi zilikuja na choki za namna hiyo, zikiwa zimerekebishwa kwa majira ya Japani, nchi ambayo huko Hokkaido theluji huanguka miezi mingi. Huku kwetu zilichelewa kufunguka. Gari lilitoa moshi mweusi, likala mafuta, na petroli ya ziada ikaosha oili kwenye kuta za silinda hadi ringi zikalika kabla ya wakati. Mafundi wakakiona kibati ni adui, wakakifunga kwa waya au wakakitoa kabisa. Kumbe kile kifuniko kina alama pembeni, na kimeshikwa na skrubu tatu tu: zilegeze, kizungushe alama moja au mbili upande wa kupunguza, kaza. Kazi imekwisha.

Kilichoondolewa kwa wingi kuliko hata choki ni thamostati. Hili linaniumiza zaidi, kwa sababu linaendelea hadi leo, hata kwenye magari yasiyo na kabureta. Thamostati ni kizibo chenye nta ndani yake. Injini ikiwa ya baridi, kizibo hufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta, ili injini ipate moto haraka. Kwenye magari mengi, joto likifika kama nyuzi 82, nta huyeyuka, hutanuka, husukuma njia ikafunguka. Gari likichemsha, fundi wa kwanza hukitoa kizibo hicho. Gari linaacha kuchemsha kwa muda, mwenye gari anashukuru, na ugonjwa halisi, ambao mara nyingi ni rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, unabaki pale pale. Tangu siku hiyo injini inazunguka ikiwa vuguvugu. Kwenye gari la kisasa, kompyuta inaona injini haijapata joto na inaendelea kumwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa. Dereva analalamika bei ya mafuta.

Kuipima thamostati ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, weka jikoni, utazame. Kwa mwinuko wa Musoma maji huchemka karibu na nyuzi 96, na thamostati nzima itakuwa imefunguka kabla ya hapo. Isipofunguka, nunua nyingine. Usirudishe gari barabarani bila thamostati.

Tarime, kwenye nyanda za juu ambako Julai huwa na asubuhi za ukungu, kuna hasara nyingine. Petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto, na hewa yenye unyevu inaweza kugandisha barafu ndani ya kabureta hata ikiwa na nyuzijoto 15. Marubani wa ndege ndogo zenye kabureta wanalijua hilo na wana kitufe maalumu cha kuvuta hewa ya moto. Magari ya zamani yalipewa bomba jepesi linalochota hewa karibu na ekzosi na kuipeleka kwenye chujio. Fungua boneti ya gari lolote la umri huo: bomba hilo halipo.

Mashine nyingi za boti nazo zina thamostati, ndogo, iliyojificha nyuma ya kifuniko cha kichwa cha silinda. Chumvi haipo ziwani, lakini mchanga na magugu hufika humo. Inastahili kufunguliwa na kusafishwa wakati wa mbalamwezi, boti zikiwa zimepumzika mwaloni na hakuna haraka. Siku hiyo hiyo tia grisi kidogo kwenye waya wa choki, na uhakikishe kibati kinafunga hadi mwisho na kufunguka hadi mwisho.

Na ukienda Mwigobero, Musoma mjini, au kwingineko kununua mashine iliyotumika, muuzaji ataiwasha mbele yako, itanguruma vizuri, nawe utashawishika. Iguse kwanza kichwa chake kabla hajaiwasha. Kama ni ya moto, mwambie utarudi kesho asubuhi, na kwamba wewe ndiye utakayeshika choki na kamba.