Umenunua Kombi ya Kitambo ya Kulala Ndani? Cheki Mipira Kwanza, Rangi Baadaye

Kama umechanga na maboyz mkanunua Volkswagen Kombi ya zamani, ile ya paa la kuinuka na kitanda nyuma, najua vile unawaza. Rangi mbili, taa za njano, picha za Insta ukiwa Naivasha. Tulia kwanza. Hiyo ndai imekaa chini ya mti miaka mob, na kitu huzeeka hata gari ikiwa imepaki ni mpira.

Anza na paipu za petroli. Kombi za 1967 hadi 1979 injini iko nyuma na inapozwa na hewa, haina rejeta. Paipu za petroli zinapita hapo hapo kwa injini moto. Moja ikipasuka, petroli inadondokea chuma moto, na juu injini iko nyuma, dere ndiye huwa wa mwisho kujua gari inaungua. Hii si story ya kutishana, Kombi kibao zimeisha hivyo.

Acha injini ipoe, toa waya ya betri, halafu finya kila paipu na vidole. Ikiwa ngumu kama mfupa, ina nyufa ukiikunja, ama inanuka petroli, badilisha zote. Usibadilishe moja tu ati unasave. Ukienda Kirinyaga Road, ile wasee huita Grogan, itisha paipu ya petroli kabisa. Ya maji zinafanana, lakini petroli huiharibu. Nunua klipu mpya pia, na uweke mtungi wa kuzima moto karibu na kiti cha dere.

Jiko ya gesi nayo? Paka maji ya sabuni kwa paipu na maungio, fungua mtungi, uangalie. Ukiona mapovu, inavuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo inajaa sakafuni, pale pale mnalala. Na baridi ikiwashika usiku, msiingize jiko ya makaa ndani. Hewa yake yenye sumu haina harufu na inaua mkiwa usingizini.

Tairi zisikudanganye. Inaweza kukaa mpya na iwe mzee. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 ni wiki ya 23, mwaka wa 2014. Hutaki hiyo ikupasukie ukishuka Mai Mahiu na mzigo.

Madirisha ni rahisi. Msee mmoja amwage maji nje, mwingine akae ndani na tochi. Pale panavuja, badilisha mpira wa kioo. Ukipaka silikoni juu ya mpira umekufa unafungia maji ndani, na kutu inakula bodi polepole.

Paipu za breki pia ni mpira, lakini hizo mwachie fundi anayejua Kombi. Simama kando umwangalie akizifunga.